Je, Heshima ya Mtu ni Mtaa Wake?

Katika darsa yetu liliulizwa swali ambalo tumeona si haki libaki kwetu peke yetu. Kijana mmoja, mzaliwa wa Majengo ya Pumwani, Nairobi, alisema: "Nilipokwenda kuposa kwa jamaa wa pwani, sikuulizwa kama nasali. Niliulizwa nakaa wapi, na babu yangu ni mtu wa wapi. Nilipojibu, chai ililetwa, lakini jawabu halikuletwa. Je, hukumu hii ni ya dini, au ni ya nani?"

Kabla ya kumjibu, natuitazame ardhi anayokaa. Serikali ya kikoloni iliigawa Nairobi kwa rangi. Wazungu walichukua miinuko ya magharibi na kaskazini, penye miti na hewa baridi. Wahindi walikaa Parklands, Ngara na Eastleigh. Mwafrika alisukumwa mashariki, kwenye uwanda wa udongo mweusi unaonata mvua inyeshapo. Huko ndiko ilikopimwa Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920, watu wakajijengea nyumba za vyumba vingi kwa mtindo wa Kiswahili. Kijiji cha Pangani, kilichokuwa na Waislamu wengi, na wanawake wengi miongoni mwa wenye nyumba, kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na Shauri Moyo ikajengwa kwa ajili ya waliohamishwa. Vyumba vingi vya manispaa na vya reli vilipimwa kwa mwanamume wa peke yake, kwani Mwafrika alihesabiwa kuwa mkono wa kazi, si mtu mwenye mke na watoto.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, mpaka wa rangi uliondoka. Lakini Mwafrika mwenye cheo alihamia kwenye miinuko ile ile, na aliyebaki uwandani, ambaye jana alidharauliwa kwa ngozi yake, akaanza kudharauliwa kwa mtaa wake. Mpaka haukung'olewa, alibadilishwa bawabu tu.

Mwaka 1960 mwandishi wa Marekani, Harper Lee, alitoa hadithi yake mashuhuri, To Kill a Mockingbird. Yasimulia mji mdogo wa Alabama katika miaka ya 1930, ambapo mtu mweusi asiye na hatia, Tom Robinson, asingiziwa kumnajisi msichana wa Kizungu. Wakili wake, Atticus Finch, aubainisha uwongo wa mashtaka, na hata hivyo waamuzi wa Kizungu wamtia hatiani. Wasomaji wengi humkumbuka wakili. Sisi twaomba mumtazame baba wa msichana, Bob Ewell. Mzungu huyu ni fukara wa mafukara. Akaa nyuma ya jaa la mji, katika kibanda kilichokuwa cha watu weusi, na Wazungu wenzake humdharau. Hakubakiwa na kitu ila rangi yake, na kwa hiyo aishika kwa nguvu zote. Funzo lake ni kwamba dharau ni mali ya asiye na mali nyingine.

Sasa turudi kwetu. Ni wangapi miongoni mwetu, watu wa pwani, tulioletwa Nairobi na riziki, tukapanga chumba kimoja Majengo, tukangoja zamu ya bomba na ya choo pamoja na wenzetu, na bado tukajiita wastaarabu, na jirani yetu tukamwita mtu wa kuja? Nairobi hiyo sote tumeijia! Msikitini jirani huyo husimama nasi safu moja, bega kwa bega. Akisha kutoa salamu na kuvaa viatu vyake, udugu wetu naye humalizika.

Tena kwa miaka mingi vijana wetu walipoomba vitambulisho walidaiwa hati za babu zao, nasi tulilalamika kwa haki kwamba huo ni ubaguzi. Basi swali la babu likiwa ni dhulma ofisini, huwaje likawa ni busara barazani?

Huenda mtu akasema: kufu imo katika vitabu vya fiqhi. Ni kweli, na wanazuoni wamejadiliana juu yake bila ya kuafikiana. Lakini hata walioitia nasaba katika kufu wamesema kuwa hiyo ni haki ya mwanamke na walii wake. Wakiridhia, ndoa yasihi. Kwa hiyo anayekataa asiseme, "Dini imenikataza." Aseme, "Mimi sikutaka," kisha auulize moyo wake sababu. Fatima bint Qays alikuwa Mkureshi, na Mtume (S.A.W.) alimshauri aolewe na Usama bin Zayd, mwana wa mtumwa aliyeachwa huru. Kwanza hakupenda. Kisha alitii, na baadaye akashuhudia mwenyewe kheri aliyoipata. Hatufichi kuwa hakupenda, kwani hapo ndipo kisa hiki kinapotufaa. Mtu mwema naye aweza kuirithi dharau. Linalompasa ni kutoitii.

Jawabu letu kwa kijana, basi, ni hili: hukumu uliyopewa si ya dini. Sehemu yake iliandikwa na wapimaji wa mji wa kikoloni. Sehemu nyingine tuliiandika sisi wenyewe kabla yao, zama watu walipouzwa katika masoko ya pwani yetu. Utumwa ulifutwa kwa sheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, lakini sheria haiingii ndani ya nyumba kusikiliza tunayonong'onezana mposaji akisha kuondoka. Huko aingiaye ni mwenye nyumba peke yake, na Mola wake amwona.

Enyi wazazi, atakapokuja mposaji mwingine, mwulizeni sala yake, amana yake, na kazi yake kama ni ya halali. Waulizeni majirani tabia yake. Mkisha kuridhika na hayo, ndipo mumwulize akaa mtaa gani, ili mjue njia ya kumpeleka bibi harusi.