Tusiwavishe wagombea kanzu za Mitume

Mwaka 2017 mwanafunzi wangu mmoja hapa Mwanza aliniuliza: "Ustaadh, kama Raila ni Yoshua, Firauni ni nani?" Darasa likacheka. Mimi nilishindwa kucheka.

Kenya ilikuwa kwenye kampeni, na Raila Odinga alijinadi kuwa Yoshua atakayewafikisha wananchi Kanaani. Yoshua huyo ndiye sisi Waislamu tunayemwita Yusha bin Nuni, kijana wa Nabii Musa (AS). Kisa kilipokewa kwa shangwe kwa sababu dhiki za watu zilikuwa za kweli. Lakini mgombea akishakuwa Yoshua, mpinzani wake atabaki kuwa nani? Na Firauni hajadiliwi sera, husubiriwa azame.

Baada ya uchaguzi wa Agosti 8 watu waliuawa Kisumu, ng'ambo ya ziwa letu hili. Sisemi kuwa kisa ndicho kilichoua. Machi 9, 2018 Raila na Rais Uhuru Kenyatta wakapeana mikono. Kupatana ni kheri, ila waliozikwa hawakurudi.

Nami sina usafi wa kuwanyooshea wengine kidole. Katika kampeni zetu za 2015 nilimwita mgombea mmoja Firauni mbele ya darsa. Mzee mmoja muuza dagaa wa Kirumba, aliyempenda mgombea yule, hakurudi tena. Nilidhani nimehubiri, kumbe nimemfukuza.

Utasema: mbona Musa alimkabili Firauni? Ndiyo, lakini kwa wahyi, na hata hivyo aliamriwa amsemeze kwa upole (Taha: 44).

Tumtazame Daud (AS). Katika Biblia, Nathani anamwendea na kisa cha tajiri aliyempora maskini kondoo wake mmoja (2 Samweli 12). Katika Qur'an, wagombanao wawili wanamwingilia kwa shauri la kondoo mmoja na tisini na tisa (Sad: 21-26). Visa hivi vinatofautiana, na sisi hatumnasibishi Daud na dhambi anayotajiwa kule. Lakini kote kuwili kisa kinabisha mlangoni kwa mtawala kumkumbusha uadilifu. Hakipandi jukwaani kumwombea kura.

Basi mgombea akijiita Yoshua, tusiulize Firauni ni nani. Tuulize kondoo wa maskini yuko wapi, nani kamchukua, na sisi tulisema nini.

Yule mwanafunzi nilimjibu: "Mtafute kwanza nafsini mwako. Mimi wangu nilimkuta humo."

Wabillahi Tawfiq.