Maji ya Kisima ni ya Nani?

Ndugu msomaji, mtu akichimba kisima katika shamba lake, kwa fedha zake, je, maji yote ni yake ayafanye atakavyo? Wengi watajibu kuwa ni yake. Jawabu hilo lina nusu ya haki.

Tangu mwisho wa mwaka 2020 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo. Mahindi ya Ganze na Magarini yakakauka, mifugo ikafa. Sabaki twamshukuru Mola kwa kutupa, lakini si kila shamba limepakana na mto. Wenye uwezo huchimba visima wakatia pampu. Nasi wa karibu na pwani, maji yetu matamu yamelala juu ya maji ya bahari. Mwenye kuvuta kupita kiasi huyapandisha ya chumvi, na chumvi haijui mpaka wa shamba. Humwingilia hata jirani mwenye kuteka kwa ndoo.

Mtume (s.a.w.) alipohukumu baina ya Zubayr na jirani yake huko Madina, alimpa mwenye shamba la juu haki ya kutangulia kunywesha, kisha akamwamuru ayaachilie maji yamfikie wa chini. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamesema kuwa ziada ya kisima yalazimu kutolewa kwa mnyama mwenye kiu, wala hailazimu kwa mimea. Basi mwenye kisima atasema: "Mahindi ya jirani hayanihusu."

Naam, halazimiki kuyanywesha. Lakini kutompa mtu maji ni jambo moja, na kumharibia aliyo nayo ni jambo jingine. Dini yetu imekataza kudhuru, na hapana hati ya shamba inayohalalisha dhara. Hata mwenye kutawadha mtoni amekatazwa israfu; seuze mwenye pampu?

Basi wenye visima wa mtaa mmoja na wakutane, wapangiane zamu na kiasi. Na wamwagilie kwa matone, watandaze majani makavu mashinani, wakinge mvua ya mapaa katika mabirika.

Gede iko karibu nasi, na misikiti yake na visima vyake. Watu waliihama katika karne ya 17, na wataalamu wametaja kushuka kwa maji ya visima kuwa miongoni mwa sababu. Mwenye macho na atazame.

Wabillahi tawfiki.