Visima Ambavyo Hatukuvichimba

Somo la juma: Kumbukumbu la Torati 6:10–12



Waisraeli wakiwa wamebakisha hatua chache kuingia Kanaani, Musa aliwaonya juu ya shibe. Huko mbele wangekuta miji imekwisha kujengwa, nyumba zimejaa, visima vina maji, na vyote vikiwa jasho la wengine. Wangekula na kushiba, na shibe hiyo ingewasahaulisha Mungu aliyewatoa utumwani. Njaa huifungua mikono yetu kuomba. Shibe huiacha imekunjwa.

Sisi wa Ruiru na Thika tumo ndani ya onyo hilo kila asubuhi. Tunafungua mfereji, tunajaza sufuria, tunafua, tunaosha gari. Maji yakikatika tunalalamika tangu alfajiri. Yanapotoka, ni nani kati yetu anayeuliza yametoka wapi?

Kwa sababu hiyo, vijana wa kanisa walipoomba safari ya baiskeli, nilipendekeza tuelekee bwawa la Ndakaini, tulale huko kisha turudi. Kila mmoja alifunga mzigo wake nyuma ya kiti: blanketi, nguo ya kubadilisha, mkate, pampu na viraka vya pancha. Kutoka Ruiru hadi Juja na Thika njia ni rahisi, kandokando ya barabara kuu iliyokamilika mwaka wa 2012, kupita mashamba ya kahawa ambayo kila mwaka yanazidi kuwapisha wajenzi wa nyumba za kupanga. Thika, mahali mto Chania unapokutana na mto Thika, ndipo mambo yanapobadilika. Mji uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ndakaini, chini ya safu ya Nyandarua, iko juu ya mita 2,000. Barabara ya Gatanga inapanda, inateremka hadi darajani, kisha inapanda tena zaidi ya ilivyoteremka. Kahawa inabaki nyuma, majani chai yanaanza, na hewa inakuwa baridi.

Nimepita njia hiyo kwa gari mara nyingi na sikuwa nimeiona. Baiskeli inakunyima haraka, na kwa kukunyima haraka inakupa majirani. Unasalimiwa na unaitikia. Unamwona mama aliyebeba kikapu cha majani chai kuelekea kituo cha kuyauza, na mzee anayesukuma baiskeli yenye mitungi ya maziwa juu ya kilima kilichowashinda vijana wako. Maziwa hayo hutia rangi chai yetu ya saa kumi huku chini. Kabeji na viazi tunavyonunua kwa mama mboga jioni, vingi vimeteremka kutoka nchi za juu namna hiyo. Unaanza kutambua kwamba mji unabebwa na watu ambao mji hauwajui.

Maji tuliyobeba yaliisha kabla ya kilima cha mwisho. Tukasimama kwenye lango la boma la bibi mmoja mzee. “Shosho, tunaomba maji ya kunywa.” Akajibu, “Karibuni, watoto wangu. Wekeni baiskeli hapo kivulini.” Akatuchotea kwenye pipa la maji ya mvua yaliyokingwa kutoka paani, akahakikisha kila mmoja amekunywa na kujaza chupa. Kijana mmoja alimuuliza kwa nini hana mfereji, ilhali bwawa liko karibu. Akasema kwa upole kwamba maji hayo yanakwenda Nairobi; yeye ana pipa na mto ulio bondeni. Kisha akatuuliza kama tumekula.

Wapendwa, nimelibeba jibu hilo wiki nzima. Bwawa la Ndakaini lilikamilika mwaka wa 1994. Lina uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo milioni 70, likilishwa na mito ya Thika, Githika na Kayuyu. Kutoka hapo maji husafiri hadi Ng'ethu, huko Gatundu, kusafishwa, kisha huteremka kwenda Nairobi, ambako sehemu kubwa ya wakazi huyategemea. Mwaka wa 2017, ukame ulipolishusha bwawa hilo, jiji zima liligawiwa maji kwa zamu. Na sisi tusidhani habari hii ni ya Nairobi peke yake: bwawa la Karimenu II, huko Gatundu Kaskazini, lilijengwa ili Ruiru na Juja nazo zipate maji. Katika mabonde yote hayo mawili ziko familia zilizoacha nyumba na mashamba ili maji yapate mahali pa kukaa. Na kwa miaka mingi watu wa Murang'a wamelalamika kwamba vyanzo viko kwao, lakini mifereji iko kwa wengine.

Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Tuliposimama juu ya ukingo wa bwawa jioni ile, hatukustaajabia wingi wa maji tu. Tulistaajabia wingi wa watu walio nyuma ya glasi moja: waliohama, waliochimba, wanaotunza msitu ili chemchemi zisikauke, na wanaokaa jirani na maji huku wakikinga mvua.

Tena mito hii haiishii kwetu. Mto Thika huingia Tana pale Masinga, na maji yake hupita Garissa na mashamba ya Wapokomo hadi baharini karibu na Kipini. Mto Ruiru huingia Athi, na maji yake hufika bahari kaskazini mwa Malindi kwa jina la Sabaki. Anayeanza safari ya baiskeli pwani na kuufuata mto kinyume cha mkondo atafika hatimaye kwenye milima hii hii. Kwa hiyo sisi tuko katikati: tuna wa juu wa kuwashukuru, na tuna wa chini watakaokunywa tulichowaachia. Takataka tunayoitupa mtoni Ruiru ina jirani anayeipokea.

Tukumbuke pia kwamba Bwana wetu aliwahi kuchoka safarini, akaketi penye kisima cha Yakobo, akamwomba maji mwanamke Msamaria. Aliyeumba bahari alikubali kuwa mhitaji mbele ya mtu aliyedharauliwa, na mazungumzo yao yakaleta wokovu katika mji mzima. Anayeomba maji humheshimu anayempa. Anayeyapata kwa kufungua tu mfereji yuko katika hatari ya kuwa na deni asilolijua, na deni asilolijua mtu halilipi.

Basi shukrani yetu na iwe na miguu. Juma hili, kila familia ijue mto unaoinywesha, watoto waufahamu kwa jina, na utajwe katika sala ya chakula. Tusibishane bei na mama mboga mpaka mkulima wa mlimani abaki bila kitu. Kiwanda kinachomwaga uchafu mtoni tusikinyamazie kwa kuwa kimewaajiri jamaa zetu. Na watu wa Gatanga na Gatundu wanapodai mifereji yao, wasisikie kimya kutoka kwetu. Sisi tunaokunywa ndio wa kwanza kusema kwamba dai lao ni la haki. Vijana wameahidi kurudi kwa yule shosho mvua zikianza, wakiwa na miche ya miti ya kienyeji ya kupanda kando ya mto wake. Wenye nguvu ya kupanda kilima waungane nao; wasio na nguvu hiyo wachangie miche.

Tuombe. Ee Mungu, umetupa vya kunywa kwa mikono ya watu tusiowajua. Utusamehe kwa kuvipokea kama haki yetu. Wabariki walioacha ardhi yao ili sisi tunywe, na utupe ujasiri wa kudai kwamba wao nao wanywe. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.