Kishikwambi na Wajibu wa Mzazi

Kati ya mwaka 2017 na 2019, mkoani Tanga, watoto wapatao 2,700 wa vijiji 170 walipewa vishikwambi vyenye hadithi na masomo ya Kiswahili. Wengi walikuwa hawajapata kwenda shule; baada ya miezi 15, wengi walianza kusoma. Faida hiyo haikanushiki. Je, chombo kimetuondolea wajibu wetu? Tumtazame mtoto wa Manda, kando ya Ziwa Nyasa. Bibi akimsimulia kwa Kimanda, mtoto hukatiza, huuliza, hubisha. Nayo hadithi humgeukia. Kishikwambi hungoja kidole, hakingoji swali. Basi na kifundishe herufi pale mwalimu asipofika, ila kisiwe udhuru wa mzazi kunyamaza. Kusoma ni hazina ya mtoto. Kujibiwa ni haki yake.