Sala Yetu na Risiti ya Duka



Sifa njema zote anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na ahli zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, katika Suratu Hud, aya ya 84 hadi 87, tunasoma kwamba Nabii Shuaib (A.S.) aliwaita watu wa Madyan wamwabudu Allah peke yake, na papo hapo akawakataza kupunguza vipimo na mizani. Walishangaa. Wakamuuliza, kwa kejeli, kama ni sala yake inayomwamrisha kuwazuia kufanya watakavyo katika mali zao. Kwao sala ilikuwa na mahali pake na soko lilikuwa na mahali pake. Nimelichagua swali hilo kwa sababu nimegundua kwamba hata mimi niliwahi kuliuliza, japo si kwa ulimi.

Aprili 2024, siku chache baada ya Idi, wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka. Nilikuwa bado sijarudi chuoni, nikikaa kwa shangazi yangu mwenye duka la vitambaa upande wa Kikuubo. Kichochoro ambacho siku zote huwezi kukipita bila kusukumwa na mtu mwenye mzigo kichwani kilikuwa kimya, milango ya chuma imeteremshwa. Malalamiko yalikuwa kadhaa, ukiwemo ushuru wa nguo na vitambaa kutoka nje. Lakini lililosikika zaidi lilikuwa EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki unaoiwezesha Mamlaka ya Mapato ya Uganda kuyaona mauzo papo hapo yanapofanyika.

Mimi niliunga mkono mgomo. Nilituma ujumbe kwenye makundi yetu ya simu nikisema dhulma imezidi. Sikuwa nimekaa chini kupiga hesabu.

Tuipige sasa. Muuzaji ananunua bidhaa za shilingi 1,000,000 kwa mwagizaji. Kodi ya Ongezeko la Thamani ni asilimia 18, kwa hiyo analipa na 180,000 juu yake. Anaziuza kwa 1,100,000, na kodi anayomtoza mteja ni 198,000. Akiwa na risiti halali ya manunuzi, anakata zile 180,000 alizokwisha kulipa na kupeleka serikalini 18,000 tu. Lakini kama mwagizaji hakumpa risiti ya mfumo, hana cha kukata. Anadaiwa 198,000 zote, ilhali faida yake yote ni 100,000. Hapo mdogo anabeba kosa la mkubwa. Na tuseme kweli pia: wako wanaokubali kununua bila risiti kwa sababu bei huwa nafuu, na wako wanaouza bila risiti ili mauzo yao yasionekane.

Basi sheria yetu inasemaje? Kwanza, kuandika si adui wa mfanyabiashara. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni. Biashara ya mkono kwa mkono imepewa ruhusa ya kutoandikwa, lakini hata hapo tumeelekezwa kuweka mashahidi tunapouziana. Kisha aya hiyo hiyo inakataza mwandishi na shahidi wasidhuriwe. Tuzingatie hapo. Anayekubali kuandika mauzo yake kwa uaminifu hapaswi kuumia kuliko yule anayeyaficha. Mfumo ukimuumiza mkweli na kumwacha mjanja, watu watajifunza ujanja.

Pili, mtawala ana swali ambalo lazima alijibu. Imamu Bukhari amepokea kutoka kwa Amr bin Maymun kwamba siku chache kabla ya kuchomwa kisu, Sayyidna Umar (R.A.) alisimama mbele ya Hudhayfa bin al-Yaman na Uthman bin Hunayf, aliowapa kazi ya kukadiria kodi ya ardhi ya Iraki. Aliwauliza kama hawaogopi kwamba wameibebesha ardhi ile mzigo isiouweza. Wakamjibu kwamba wameibebesha inachokiweza. Hakutosheka, akawaambia watazame tena. Kisha akataja wajane wa Iraki, kwamba Allah akimpa uhai atawaacha katika hali ya kutomhitaji mtu yeyote baada yake. Hazikupita ila siku nne. Kiongozi yule, siku zake za mwisho duniani, alikuwa anauliza kama mlipa kodi anaweza kubeba, na anamkumbuka mjane.

Kwetu swali hilo mara nyingi huulizwa baada ya mzigo kushatwikwa. Julai 2018 ilianza kodi ya asilimia 1 kwa miamala ya pesa za simu. Watu walipopiga kelele, ikarekebishwa ikawa nusu asilimia, kwa kutoa pesa tu. Hilo linaonyesha kwamba sauti husaidia, lakini aliyekatwa kabla ya marekebisho alikuwa ameshakatwa.

Tatu, na hapa ndipo ninapojihukumu mwenyewe. Siku ya pili ya mgomo nilikutana na mchukuzi mmoja ambaye humbebea shangazi marobota. Amekaa juu ya kigari chake kitupu. Nikamsalimu, nikamwambia asubiri, haki itapatikana. Akanijibu, "Shehe, nyinyi mmefunga maduka. Sisi tumeanza Ramadhani ya pili, na hii haina futari."

Nilicheka. Kisha nikamkumbuka binti anayeuza dukani kwa shangazi, anayelipwa kwa siku. Asubuhi ya kwanza alikuja kazini, akakuta kufuli, akarudi kwao. Akaja tena siku ya pili na ya tatu. Wanazuoni wa fiqhi wametofautisha anayelipwa kwa kila kazi, kama yule mchukuzi, na aliyeajiriwa kwa muda wake. Huyu wa pili akijileta kazini tayari kufanya kazi, na mwajiri ndiye aliyefunga mlango, ujira wake una hoja nzito. Nilikuwa nimelisoma hilo darasani muhula uliotangulia. Nikamuuliza shangazi kwa upole kama binti yule atalipwa. Akanitazama, akasema, "Na ada yako, mwanangu, italipwa na nani?"

Nikanyamaza. Alimlipa siku moja kati ya tatu. Ada yangu ililipwa yote.

Niliikemea serikali mbele ya watu wote, nikashindwa kurudia swali sebuleni kwetu. Kama watu wa Madyan, niliiambia sala yangu isivuke mlango wa duka lililonisomesha. Nilipotaka kuandika haya, nilimpigia shangazi kuomba idhini, nisije nikamsengenya. Alikaa kimya muda, kisha akasema niandike, na kwamba zile siku mbili hakuzisahau. Nimemuahidi kwamba na mimi sitazisahau.

Ndugu zangu, kati yetu wapo watakaokuwa maofisa wa kodi na wahasibu. Muulize swali la Umar kabla ya kutwika mzigo, na mlirudie hata baada ya kujibiwa. Wapo watakaorithi maduka. Mdai risiti mnaponunua, mtoe risiti mnapouza, na mkiamua kugoma, muhesabu kwanza mshahara wa asiyeshirikishwa katika uamuzi huo. Mtume (S.A.W.) ametuusia mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Na sisi tunaokula kwa mikono ya wengine tuseme haki kwa adabu, tukianzia nyumbani.

Ewe Mola wetu, tupe riziki ya halali na utupe moyo wa kuiuliza ilikotoka. Waongoze viongozi wetu kwenye uadilifu, wabariki wafanyabiashara wakweli, na usiufanye ujira wa mnyonge kuwa hoja dhidi yetu Siku ya Kiyama. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.