Mnyororo na Ndoano Zake

Kaeni, wajukuu zangu. Wewe wa Land Rover kaa kulia kwangu, wewe wa Land Cruiser kaa kushoto, na hao wenzenu waliokuja kuwashabikia wakae hapo mbele, maana maneno haya ni yao pia. Funguo za magari wekeni juu ya kigoda. Hapa haondoki mtu kabla chai haijaisha.

Yaliyotokea pale gereji nimeyasikia kwa mama zenu, na fundi mwenyewe amepita kunieleza. Mmoja alisema gari la mwenzake ni sufuria lenye magurudumu. Mwingine akajibu kwamba mkonga ule wa hewa ulioinuka pembeni ya kioo ni pambo la mtu ambaye hajawahi kuvuka mto. Mpaka hapo ulikuwa utani, na utani hauna kesi. Lakini mkatoka kwenye magari mkaingia nyumbani: nani aliuza ng'ombe wa nani, baba wa nani alikopeshwa akakaa kimya. Huu ni mwezi wa pili hamsalimiani. Mtoto wa mwanangu na mtoto wa binti yangu, mkikutana stendi hapa Bariadi kila mmoja anatazama juu kama anayetafuta wingu la mvua.

Nilipotuma mtu awaite, mmoja wenu alijibu kwamba fahari wawili hawakai zizi moja. Aliyetunga methali ile, nadhani, hakuwa na ng'ombe wengi. Ninyi ni Wasukuma, mmekulia zizini. Mnajua fahari watano wanalala zizi moja, wakikwaruzana pembe mara moja moja, na asubuhi wanatoka kwa mlango ule ule kwenda malishoni.

Sisemi msishindane. Mimi ni mtu wa huku, siwezi kukataza mashindano. Tangu karne ya kumi na tisa Usukuma imegawanyika kwa ngoma, huyu Mgika, yule Mgalu. Wazee wanawataja manju wawili, Ngika na Gumha, waliokuwa mabingwa wa ngoma na wa dawa, wakashindana mpaka wafuasi wao wakawa pande mbili, na pande hizo zipo hadi leo. Nendeni Bujora pale Kisesa wakati wa Bulabo, mwezi Juni, mjionee. Makundi mawili yanacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Hakuna anayejitangaza mshindi kwa mdomo wake. Miguu ya watazamaji ndiyo inayohukumu.

Sasa pimeni. Mgika anayeshindana na Mgalu anacheza mwenyewe. Jasho ni lake, wimbo katunga yeye, na jembe analorusha hewani kwenye bugobogobo likimponyoka litamwangukia yeye. Akishindwa mwaka huu, anarudi nyumbani kutafuta mtindo mpya. Ndiyo maana ngoma zetu zimekuwa na ufundi: kila upande umemnoa mwenzake kwa zaidi ya miaka mia. Mcheza kwao hutunzwa, lakini lazima awe amecheza. Ninyi mmecheza nini? Hakuna kati yenu aliyechora chesisi wala kuyeyusha chuma cha injini. Mnagombea ushindi wa ngoma ambayo wachezaji wake wako Japani na Uingereza, na wala hawajui kwamba kuna mahali panaitwa Somanda.

Na hao wachezaji wenyewe, mnaijua nasaba yao? Land Rover ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mwaka 1948 kule Amsterdam. Gari la majaribio lililoitangulia lilijengwa juu ya chesisi ya Jeep ya Wamarekani, mabaki ya vita. Bodi ikawa ya aluminiamu kwa sababu chuma Uingereza kilikuwa cha mgawo. Kwa hiyo aliyesema sufuria hakukosea sana kwa malighafi, ila hakujua kwamba sufuria lile lilizaliwa na shida. Toyota nao mwaka 1951 walitengeneza gari lao wakaliita Toyota Jeep BJ. Jina Jeep lilikuwa na mwenyewe, ikabidi walibadilishe, na mwaka 1954 likawa Land Cruiser. Jina hilo lilichaguliwa kwa kuitupia jicho Land Rover, lisije likasikika dogo mbele yake. Mnaona? Magari mnayogombania ni wajukuu wa babu mmoja. Ni binamu, kama ninyi.

Tena mnasema "Mwingereza" na "Mjapani" kana kwamba chapa ni ukoo usiohama. Land Rover ilikuwa mikononi mwa BMW ya Wajerumani, mwaka 2000 ikanunuliwa na Ford ya Wamarekani, na mwaka 2008 ikauzwa kwa Tata ya India. Hilux ya Toyota imewahi kutoka kiwandani Hannover, Ujerumani, ikiwa na nembo ya Volkswagen na jina la Taro. Amarok ya Volkswagen ya mwaka 2022 na Ford Ranger zinatoka kiwanda kimoja Afrika Kusini. Wenye kampuni wakiona faida wanakula sahani moja. Kule Marekani, ambako pikapu ni kubwa kiasi kwamba hizi zenu zingeonekana ndama pembeni yake, watu wa Ford na watu wa Chevrolet wametukanana miaka na miaka. Wanabandika kwenye vioo vya nyuma picha ya katoto kanakojisaidia haja ndogo juu ya nembo ya jirani. Watu wazima, wenye wake na mikopo. Msidhani ujinga huu mmeuanzisha ninyi.

Na mimi ninayewasema nilikuwa mbele yenu. Sikilizeni jambo ambalo hata bibi yenu sikumwambia.

Mwaka 1986 nilikuwa dereva. Bariadi ilikuwa bado wilaya ya Mkoa wa Shinyanga, na mkoa huu wa Simiyu mlioukuta ulikuja mwaka 2012. Nilikuwa na Land Rover 109, pikapu, tukiiita Mia na Tisa kwa inchi zilizopo kati ya ekseli na ekseli. Niliiosha kila asubuhi kuliko nilivyowaosha wazazi wenu. Wenye Land Cruiser niliwaita wapanda baiskeli. Ikawa mwezi wa Mei, msimu wa pamba umefunguliwa, nami nikabeba magunia kutoka upande wa Meatu nikija huku kituo cha kununulia. Kati ya mizigo ile, magunia matatu yalikuwa ya mama mmoja mjane, naye ameketi juu yake.

Mnaujua udongo wa mbuga, ule mweusi. Kiangazi unapasuka hadi mguu wa mbuzi unazama kwenye ufa, na ukilowa unashika kama ugali wa moto. Mvua za mwisho zilikuwa zimenyesha usiku. Njia ya kuzunguka ilikuwepo, nikakataa kuzunguka, kwa kuwa siku mbili nyuma nilikuwa nimejisifu mbele ya watu kwamba Mia na Tisa haizunguki. Nikazama hadi kwenye difu. Gari halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu.

Baada ya saa moja ikatokea Land Cruiser ya mradi mmoja wa maji. Dereva wake tulifahamiana, na aliwahi kunisikia nikisema yale ya baiskeli. Akasimama kwenye ukingo mkavu, akashuka na mnyororo begani. "Vipi mwenzangu, umenasa?" Wajukuu zangu, mimi nilimjibu: "Hapana, napumzika tu, injini ipoe." Matope yamefika kwenye difu, nami napumzika.

Alinitazama. Akamtazama yule mama juu ya magunia. Kisha akauweka ule mnyororo juu ya boneti yangu taratibu, akasema: "Ukimaliza kupumzika, atakayepita mpe huu akuvute." Akaondoka.

Hakupita mtu. Jioni mawingu yakakusanyika upande wa Serengeti, na usiku ikanyesha. Turubai la gari nilikuwa nimeliacha kwangu, limefunika mahindi yangu. Asubuhi watu wa kijiji wakatuchimbua kwa majembe, na tulipofika kituoni mpima pamba akatia mkono kwenye gunia la yule mama, akautoa, akasema neno moja: "Fifi." Mnajua maana yake. Pamba safi ina bei yake, na fifi ina bei ya huruma. Msimu mzima wa kulima, kupalilia na kuchuma kwa mkono tonge kwa tonge uligeuka fifi kwa sababu dereva alikuwa anapumzika. Yule mama aliikunja noti yake ndogo akaifunga kwenye pindo la khanga, kisha akaniambia, "Asante baba, umenifikisha."

Asante ile bado inanichoma. Angenitukana, ningeshasahau.

Ndipo nikajua hasara ya majivuno haya inamwangukia nani. Siyo wewe unayejisifu, wala kiwanda. Ni aliyeketi juu ya mzigo. Katika ugomvi wenu pia kuna aliyeketi juu ya mzigo: mama zenu, ambao msimu huu kila mmoja amekodi kirikuu ya mtu baki kupeleka pamba AMCOS, kwenye chama cha ushirika, huku watoto wao wana pikapu mbili zimeegeshwa uani zikipigwa picha. Na hiyo kirikuu, mkokoteni ule wa injini ndogo, haina shabiki hata mmoja Bariadi nzima, haina wimbo, haina tamasha, na ndiyo iliyoifikisha pamba kavu.

Kwa hiyo nawausia hivi.

Lipendeni gari. Mtu asiyependa chombo chake cha kazi hakitunzi. Lakini lisifuni kwa lilichobeba, siyo kwa nembo iliyo mbele. Mtu akikuuliza gari lako ni zuri kiasi gani, mwambie limefika Mwandoya mara ngapi na limepeleka wagonjwa wangapi hospitali. Kama huna la kumwambia, bado huna gari, una nembo.

Tanianeni, maana Msukuma asiyetaniana ni mgonjwa. Ila utani wa magari uishie kwenye magari. Ukifika kwenye jina la mama wa mtu au zizi la baba yake, huo siyo utani tena, ni kisu.

Usiuze ng'ombe kununua sifa. Wewe uliyepanda hadi Arusha Oktoba 2024 kwenye tamasha la Land Rover, sikulaumu kwa kwenda, hata mimi ningekuwa na miguu ningekwenda. Nakuuliza tu: ndama wawili waliolipia zile taa za juu, je, taa hizo zimekwishakuzalia?

Na ukinasa, sema umenasa. Ni neno dogo, lakini mimi lilinishinda mwaka 1986, na magunia matatu yakalipa.

Sasa mleteeni babu yenu kile kiroba kilicho nyuma ya mlango. Kizito, eh? Huu ndio ule mnyororo. Yule dereva nilimtafuta nimrudishie, nikaambiwa amehamishwa, na baadaye nikaambiwa amefariki. Nimeutia grisi kila mwaka tangu hapo. Mnyororo nakupa wewe wa Land Rover. Ndoano zake mbili, hizi hapa, nakupa wewe wa Land Cruiser. Mnyororo bila ndoano haumvuti mtu, na ndoano bila mnyororo ni vyuma vya kuuza kwa kilo. Masika hayako mbali na mbuga ni ile ile. Mmoja wenu akizama, itabidi ampigie simu mwenzake.

Haya, nyweni chai, kisha mchukue funguo zenu.