Sekunde 88 za Kalambay

Bondia Sumbu Kalambay, mwana wa Lubumbashi huko Katanga, wengi humkumbuka kwa sekunde 88 tu: Las Vegas, Machi 1989, ngumi moja ya kushoto ya mpinzani wake Michael Nunn ilipomwangusha. Kumpima bondia hivyo ni kumdhulumu. Mwaka mmoja kabla, huko Pesaro, alimshinda kwa pointi Mike McCallum, ambaye hakuwa amewahi kushindwa. Mtasema alipigana chini ya bendera ya Italia. Ni kweli, lakini kufuata riziki ugenini hakufuti kuzaliwa kwake Katanga. Mtasema pia Nunn alimmaliza. Mbona basi 1992, akiwa na miaka 36, alimshinda Steve Collins na kutetea ubingwa wake wa Ulaya? Alistaafu 1993, kisha akawa mwalimu wa ngumi.